Kanuni Yangu ya Kwacha Bado Inamsubiri

Hii stori itanifanya nionekane fala, ila nawapa hivyo hivyo. Jamaa yangu wa Iyula amefariki, na mimi nimekaa siku zote hizi namtania marehemu. Nilikuwa sijui. Huku Tunduma wananijua, nikianza utani sinyamazi mpaka mtu ajibu. Safari hii hakujibu mtu.

Jamaa alitengeneza kikaguzi, yaani programu inayosoma programu za wengine kabla hazijawashwa na kukuonyesha ulipokosea, kama mama anavyochambua maharage kabla ya kuinjika. Akaiweka wazi mtandaoni, bure, anayetaka aichukue, anayeweza aiongezee. Mimi niliyeishia darasa la saba, fundi wa kujifunzia kwenye simu, nikaielekeza kwenye programu niliyowatengenezea wenye maduka hapa mpakani na Zambia. Kioo kizima kikawa chekundu. Nikampigia: "Kaka, mashine yako mbovu, inasema sina hata mstari mmoja mzima." Akacheka. "Mashine nzima, dogo. Tena imekuonea huruma, kuna kosa lako moja bado haijalijua." Kweli, nilikuwa nimejumlisha kwacha na shilingi kama hela ya nchi moja. Kosa la watu wa Tunduma hilo, aliyeko Dodoma hawezi hata kuliota. "Sasa liandikie kanuni mwenyewe," akasema, "kikaguzi kimkamate na mwenzako."

Nikaandika, nikatuma. Kwenye kazi hizi ukituma kitu hakiingii mpaka mwenye mradi akisome na kukikubali. Kimya. Kila asubuhi nikawa namwandikia palepale chini ya kanuni, ujumbe unaolia moja kwa moja kwenye simu yake: "Kaka, umepata cheo mkoani Vwawa, siku hizi tukuombe kwa barua?" Kesho yake: "Au umechuma kahawa mpaka vidole vimegoma kubonyeza?" Kimya. Kumpigia sikutaka, nikaona nitaonekana nina shida sana. Nikanuna. Nilipokuja kupiga akapokea dada yake. Walishamzika.

Akifa jirani utaona turubai, utasikia kwaya. Sisi tunaotumiana mistari ya programu hatuna turubai. Ukurasa wake uko vilevile, picha inacheka, utadhani kaenda kunywa chai. Dunia nzima nilikuwa na mtu mmoja wa kuniambia nimekosea wapi, na siku wanammwagia udongo mimi nilikuwa nawaza kanidharau. Kikaguzi kiko wazi, naweza kukinakili nikajikubalia kanuni yangu mwenyewe. Nafungua, naangalia, nafunga. Nyie mnaonisoma, mtu wako akinyamaza usimnunie. Mpigie, uonekane una shida.

Nilikwenda Iyula kutoa pole. Nikamwambia mama yake, macho chini, kwamba zile kelele za simu zilikuwa zangu. Akanisogezea kigoda.

"Ilikuwa inalia kila asubuhi, huyu dada yake ananisomea," akasema. "Walitaka kuizima nikawakatalia. Msiba wetu ulikosa mtani wa kumtania marehemu, baba. Kumbe ulikuwa wewe."