Vipele Nilivyomsingizia Masika

Nilifika soko la Bwera nikiwaka hasira. Mwili mzima uliniwasha kwa vipele, na mkosaji nilimjua: Masika, muuza mitumba aliyeniuzia shati juzi. Nikamtupia shati lake mbele ya wateja.

"Unauzia watu ugonjwa!"

Wateja wawili wakaondoka. Masika akaliinua shati juu.

"Hii shati nilifua mimi mwenyewe! Hivyo vipele vyako, umekunywa dawa gani?"

"Ya kikohozi tu!" nikafoka, nikitoa pakiti mfukoni.

Muuguzi aliyekuwa akichagua sketi akaisoma.

"Baba Muhindo, hii ni salfa. Mwaka jana si ilikuletea vipele hivi hivi, nikakuandikia kwa daftari lako la kliniki usimeze tena?"

Nilikumbuka vizuri sana. Soko zima likanitazama, nami mjinga nikamwomba Masika anirudishie shati langu, huku najikuna.