Mkono Wangu na Huruma za Watu

Walinikata titi la kulia katika hospitali ya rufaa, safari ya siku nzima kutoka Babati. Siku ya kuruhusiwa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti mdogo mwenye sauti ya mwalimu wa nidhamu, alinifundisha kupandisha vidole ukutani kidogo kidogo mpaka mkono uvuke kichwa.

“Usipouzoeza, bega litaganda,” alisema. “Kila siku, taratibu. Ukipata nguvu, tembea. Usikubali kukalishwa.”

Nilimwahidi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, mkono wa kulia ndio ninaoandikia ubaoni.

Nyumbani Bagara nilimkuta mama mkwe. Alikuwa ameshuka kutoka Mbulu na nusu gunia la maharage, amekuja kuniuguza. Kwa wiki nne sikushika hata mwiko. Nikisimama, ananiambia, “Kaa, mwanangu.” Nikinyanyua kikombe, anakipokea. Nikienda ukutani, anakuja na kuushusha mkono wangu kwa upole, kama anayemwondoa mtoto karibu na moto. Akina mama wa jumuiya nao walikuja na uji na sala, na kila aliyeaga alisema, “Pumzika, mama.” Nililichukia neno hilo kuliko neno kansa.

Nilimlalamikia mume wangu. “Mvumilie,” alijibu. “Ni mzazi. Karibuni ataondoka.” Alisema hivyo kila Jumapili.

Nami sikuwa bila lawama. Kovu liliuma, na kupakuliwa chakula kulikuwa kutamu. Siku nyingine nilishukuru moyoni kwamba nimekatazwa.

Niliporudi kliniki, yule binti alinitaka ninyanyue mkono. Uligoma usawa wa bega.

“Ulifanya mazoezi?”

“Nilijaribu.”

“Kujaribu ndiyo nini?”

Swali hilo nimewauliza watoto wa watu miaka kumi na tisa. Alininyoosha taratibu, nami nikalia kwa uchungu na aibu.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi nyumbani nilivaa raba. Mama mkwe akasimama mlangoni.

“Unakwenda wapi?”

“Kutembea, mama. Mpaka njia ya Singe.”

“Na kidonda hicho?”

“Kidonda kimepona! Mkono ndio unaokufa, na unauawa na huruma zenu!”

Sikuwa nimewahi kumpandishia sauti. Mume wangu alitoka na mswaki mdomoni, akatutazama, akarudi ndani. Mama mkwe akaketi kwenye kigoda, akashika khanga yake kwa mikono miwili.

“Mdogo wangu alikuwa na uvimbe hapahapa,” alisema akijigusa kifuani. “Akasema si kitu. Akaendelea kulima, kubeba kuni, kukamua ng’ombe. Tulimzika wakati wa kuvuna. Kazi ndiyo iliyomuua.”

“Si kazi, mama. Ni kukosa matibabu.”

“Wewe ulikuwepo?”

Nilimhurumia, na bado hasira haikunitoka. Mwanamke huyu, aliyelima mpaka siku ya kumzaa mume wangu, ndiye aliyeninyima kufagia uwanja. Nikampita, nikatoka.

Sijafika mbali nikasikia ndala nyuma yangu. Alikuwa ananifuata, kigoda kichwani. Kila baada ya nyumba tatu anakitua barabarani na kusema, “Kaa.” Sikai. Watu walitusalimia, “Shikamoo bibi, mgonjwa anaendeleaje?” Akawajibu, “Hasikii.” Waendesha bodaboda walipunguza mwendo kunitazama. Nilitamani kuwapigia kelele wote.

Tulitembea hivyo siku nyingi. Siku moja, kwenye mwinuko, yeye ndiye aliyepungukiwa pumzi. Nikamwambia, “Kaa wewe, mama.” Akakaa, akanitazama nikiendelea peke yangu, na niliporudi akajitwika kigoda chake. Mvua zilipokaribia alirudi Mbulu kuandaa shamba. Hakukubali kwamba nilikuwa sahihi. Aliniambia tu nisibebe ndoo.

Sasa mkono unafika sikioni. Ubaoni naandika nusu ya chini, na watoto wa nyuma wanasimama ili waone. Yule binti anasema nisikate tamaa, bado utapanda. Zile wiki nne, hata hivyo, hakuna anayenirudishia, na sijui nimdai nani, maana kila aliyenikalisha alinipenda.

Mwezi uliopita nilisikia kuna mama wa Sigino amerudi kutoka upasuaji kama wangu. Nikaenda kwa miguu. Dada yake akanipokea vizuri, akanipa chai.

“Amepumzika,” alisema. “Hatutaki asumbuliwe.”

“Anasogeza mkono?”

“Hapana! Tumeufunga kwa khanga usichezecheze.”

Chai ilinipalia. Nikafungua vifungo viwili vya juu, nikamwonyesha kovu, kisha nikanyanyua mkono mpaka unapogomea. Nikamweleza kwa nini umegomea hapo. Alitazama pembeni.

“Kila mtu na mwili wake, mwalimu,” alisema.

Nikafunga vifungo. Nikamwambia kwamba nitamsubiri mgonjwa aamke, hata kama ni mpaka jioni, na nikahamishia kiti changu kivulini.