Nyasi Niliyoipa Jina la Mkwe

Kila nikichomoa mbegu ya nyasi kwenye soksi, mwanangu, naikumbuka siku niliyokaribia kumkosa mke wangu kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nilikuwa kijana hapahapa Kitomanga, mjuaji wa kila kitu. Nilikuwa nimemposa Zainabu, na mama yake, Bi Somoe, alisharudisha posa yangu. "Bado hajakomaa," alisema. Iliniuma, sikufichi.

Basi akaja bwana mmoja, mtaalamu wa nyasi. Ndiyo, nyasi! Tulicheka sana, mtu mzima anasafiri na magazeti ya kukaushia majani. Alitafuta hizi zenye mbegu za ncha kali na mikia mirefu, zinazojisokota kwenye nguo mpaka zikufikie ngozi. Alitaka kujua zipi ni za jenasi moja, yaani ukoo mmoja, na sisi wenyeji tunaziitaje. Nikajitolea kumwongoza. Majina yenyewe sikujua hata moja.

Nikawa nabuni tu. Anainua moja, nataja jina. Anainua nyingine, nataja jingine. Ya tatu ilichoma kuliko zote, nikamkumbuka mama Zainabu. "Hii tunaiita Somoe," nikasema. "Ikikushika haikuachii." Akaandika! Nikamwambia na zote tatu ni ndugu.

Ijumaa, baada ya swala, akaomba wazee wayahakikishe majina. Bi Somoe akaketi mbele kabisa. Yule bwana akanionyesha ile nyasi. "Kijana, waambie hii inaitwaje."

Lo! Unajua mwenyewe, mkwe kwetu hatajwi jina, sembuse mbele yake. Nikainama, nikajifanya nachomoa mbegu kwenye nguo. Naye kwa wema wake akafungua daftari, akanisaidia kusoma: "Somoe. Ikikushika haikuachii."

Watu waliangua kicheko, wengine wakashika mbavu. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Bi Somoe hakucheka. Alisimama, akazichukua nyasi zote tatu, akazitazama mbegu. "Hizi mbili ndugu, kila mbegu ina mikia mitatu. Hii iliyopewa jina langu ina mkia mmoja. Si ya ukoo wao."

Mtaalamu akapiga makofi. Kumbe hata wao huzigawa hivyohivyo! Akauliza, "Na majina yake, mama?"

"Siyajui. Andika hayajulikani, usiandike uongo." Kisha akanigeukia. "Na wewe, unataka kuingia ukoo wangu, na ukoo wa nyasi umekushinda?"

Akanipa adhabu: nipalilie mikorosho yake msimu mzima, na nyasi hizo nimtengee, za mkia mmoja huku, za mitatu kule. Vidole vilitoboka, mwanangu, usiombe! Karibu na mavuno akanishikisha jani nisilolijua. Nikafungua mdomo, nikaufunga.

"Hili silijui, mama."

Akalitwaa lile jani mkononi mwangu. "Mwambie baba yako alete ile posa," akasema. "Sasa umekomaa."

Basi mwanangu, ukiulizwa usilolijua, sema hujui, hata kama umati mzima unakutazama. Aibu yake ni ya dakika moja. Ya kubuni inaandikwa daftarini. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kusema sijui, na mkwe mwenye moyo kama wa mama yule. Yeye, Mungu amrehemu, na mimi anisamehe kwa kumtaja jina leo mara zote hizi. Amina.