Kiganja Kwenye Ukuta wa Ghorofa

Tofali la kuchoma likivunjika na mvua ikalikuta, hutoa harufu ya vumbi na moshi wa zamani. Juzi harufu hiyo ilinikamata nikitoka sokoni Kasulu. Kugeuka, nakuta wanalibomoa ghorofa! Nikasimama njiani na mwavuli wangu, machozi yananitoka, mpaka muuza ndizi mmoja akaniuliza, "Mama, ulikuwa mpangaji humo?" Nikamjibu kwamba baba yangu ndiye aliyechoma matofali yake. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Lilikuwa ghorofa la kwanza la kupangisha ambalo sisi watoto tulipata kuliona. Watu walikuja kutoka Busunzu kupanda ngazi tu na kushuka, wakacheka, wakarudi kwao. Wengine walivua viatu kwanza wakaviacha chini, vimepangwa vizuri kama mlangoni kwa mkwe. Hata leo ukiuliza njia mjini utaambiwa kata kushoto pale ghorofani. Sijui sasa watasema nini.

Mama yangu alifia kambini, kambi ya wakimbizi, nami simkumbuki. Baba alitoka huko bila kibali, mimi mgongoni, akapata kazi kwa tajiri aliyekuwa anajenga. Tajiri alimwita Mha wa Mabamba, kule mpakani, na hakuuliza zaidi, maana Kirundi cha Baba na Kiha cha hapa vinasikilizana. Mimi niliwekwa kwa Mama Yustina, mjane wa Kabanga, aliyeniandikisha shule kama mjukuu wake. Kila asubuhi Baba alipita kuniuliza, "Sisi watu wa wapi?" Nikijibu Mabamba, ananipiga kikofi begani: "Haya, kimbia shule."

Kwa kina Baba, mchomaji hawashi tanuri mpaka mtoto wake amegandamiza kiganja kwenye tofali la mwisho likiwa bado bichi, eti moto ujue unamfanyia nani kazi. Niligandamiza mpaka tope likanipanda kwenye kucha. Tofali lilipoiva, Baba alimbembeleza fundi alijenge karibu na ngazi, usawa wa kifua changu. Kila nikitoka shule nilipita kulishika. Weee, nilijiona mwenye nyumba!

Siku ya kufungua ghorofa tulipikiwa pilau. Wakubwa walikaa mbele kwenye viti, sisi wengine tukasimama. Tajiri akainuka, akasema mafundi wake na matofali yote vimetoka Mwanza. Nilikuwa na miaka minane na mdomo usio na mlango.

"Muongo!" nikapaza sauti. "Kachoma Baba! Alijifunza kwao Burundi, na kule kambini alichoma ya kanisa!"

Bwana mmoja wa serikali akaweka sahani chini, akaniuliza kwa upole kabisa baba yangu ni yupi. Nikanyoosha kidole, tena kwa fahari.

Baba alikuwa ameegemea nguzo, tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani polepole. "Ni kweli mimi natoka kambini," alisema. "Lakini mtoto huyu simjui."

Nikadhani hajanisikia. Nikakimbilia ukutani, nikaweka mkono kwenye kile kiganja, ukaingia wote. "Baba, si huu hapa? Baba!" Akageuza uso. Mama Yustina akanifinya mkono mpaka nikalia, akiwaambia watu, "Mnisamehe jamani, mjukuu wangu huyu ana kiherehere." Baba akapanda gari la serikali peke yake kurudishwa kambini, hakugeuka nyuma. Jioni ileile tajiri aliamuru lile tofali lipigwe lipu.

Nilimchukia Baba. Mungu anisamehe, nilimchukia hasa. Kila mara wachuuzi waliopita kambini walikuja kwa Mama Yustina na salamu: baba yako anauliza kama unasoma. Nami niliwajibu lile jibu lake mwenyewe, simjui. Mama Yustina alinikanya, akachoka. Baadaye Baba alirudi Burundi na wenzake waliorejea kwao, na habari iliyonifikia baada ya hapo ilikuwa ya msiba wake.

Nilikuja kuelewa siku ya kumwandikisha mwanangu wa kwanza shule. Mwalimu aliuliza, "Na wewe mama, baba yako nani, mzaliwa wa wapi?" Nikaandika Mabamba. Kama siku ile Baba angesema mimi ni wake, tungepakiwa wote kwenye lile gari, na Mama Yustina angeulizwa mjukuu alimtoa wapi.

Juzi niliwaomba wabomoaji wanitafutie tofali lenye alama ya mkono. Wakaniambia ukuta wa ngazi waliuangusha jana yake, kifusi kimeshafukiwa kwenye mashimo ya barabara. Nikarudi nyumbani na mvua yangu.

Baba alinikana mara moja tu, mbele ya watu, ili nibaki shule. Mimi nilimkana miaka yote aliyokuwa hai, na sikuwa namwokoa mtu.