Tundu Moja, Wavumbuzi Wawili

Saa tatu asubuhi. Mlango wa chuma uko nusu wazi, na ndani ya kibanda cha fundi simu kuna harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka. Fundi ameinamia taa ya kuchaji, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Anagusa waya, anapuliza, anatazama tena.

“Tundu limekufa,” anasema bila kuinua kichwa. “Watu wanadhani ugonjwa uko ndani. Vingi huanza kufa hapa, mdomoni.”

Wateja humwita Mjomba. Jina hilo lilianzishwa na watoto wa dada yake, waliokuwa wakishinda hapa baada ya shule, na mtaa mzima ukalidaka. Kisha ikapita miaka miwili watoto hao wasikanyage kibandani.

Kilichowatenga kiko mezani: kisanduku cha plastiki chenye tundu moja tu. Ukichomeka waya wa chaji, kinapokea umeme. Ukichomeka spika za masikioni, kinatoa sauti. Ukichomeka waya wa kuhamishia nyimbo, kinazipokea. Ncha iwe nyembamba au pana, iingie juu chini au chini juu, springi za ndani huibana, na saketi ndogo iliyo nyuma hutambua ni kazi ipi inayotakiwa.

Tundu hilo fundi alilibuni pamoja na shemeji yake, mume wa dada yake, aliyekuwa fundi redio. Walikaa meza hii hii, bega kwa bega, wakibishana.

“Shemeji alikuwa mbishi, usiseme!” anacheka kidogo. “Nikimwambia hiki hakiwezekani, anavuta kiti karibu. Hapo ujue chakula kitapoa.”

Shemeji aliugua figo. Alikuja kazini hadi miguu ilipokataa, kisha akafariki.

Muda si mrefu baada ya mazishi, fundi alikwenda kuulizia habari za hataza, ile haki ya kisheria inayomlinda mvumbuzi ili kitu alichobuni kisitengenezwe na wengine bila ruhusa yake. Kabla hajarudi nyumbani, maneno yalishamfikia dada yake kwamba kaka amekwenda kuliandikisha tundu.

Dada alimfuata kibandani, mbele ya wateja.

“Kaburi la mume wangu halijakauka, kaka, wewe unakimbilia kuuza akili yake?”

“Nusu ya akili hiyo ni yangu!” naye akamjibu.

Hawakusemezana tena. Wakikutana msibani au harusini, kila mmoja alitafuta upande wake wa kukaa.

Ofisi ya hataza ilimweleza kwamba wavumbuzi wote lazima watajwe, na kwa aliyefariki, mrithi wake atie saini. Rafiki mmoja alimshauri aandike jina lake tu, kwani marehemu hawezi kulalamika.

“Ningefanya hivyo, kila nikichomeka waya ningemwona amekaa pale,” anasema, akionyesha kiti kitupu kando yake.

Bila saini ya dada, ombi likalala.

Mwaka jana, mchana mmoja wa mvua, dada aliingia kibandani akiwa amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kitambaa.

“Sikuja kupatana,” alisema. “Nimeleta redio ya mama mkwe. Imewashinda mafundi wengine.”

Ilikuwa redio ya kwanza kabisa kuwekewa lile tundu. Fundi aliifungua taratibu. Springi moja ilikuwa imechoka. Aliitoa kwa kibanio, akaiweka kiganjani mwa dada yake.

“Hizi ni zake. Alizikunja kwa koleo, moja moja. Saketi hii ndiyo yangu. Bila springi zake, yangu takataka. Bila saketi yangu, zake vyuma tu.”

Dada aliigeuza springi ile kwa kidole.

“Kaka, unajua kwa nini alitaka liwe tundu moja?”

Fundi alijibu alichoamini siku zote: biashara, kupunguza vipuri.

“Hapana. Mama mkwe alipopoteza macho, na mkono mmoja ukalegea, alikuwa hawezi kuichaji redio. Siku moja mume wangu alimkuta anaparuza waya nyuma ya redio, anatafuta pa kuchomeka, machozi yanamtoka. Akaniambia, ‘Nitampa mama tundu lisilo na kukosea.’ Akanikataza nisimwambie mtu. Hakutaka mama yake aonewe huruma.”

Mteja mmoja alikuwa amesimama mlangoni akisubiri simu yake.

“Niliona haya kulia mbele yake,” fundi anakumbuka. “Nikasingizia risasi imeniunguza.”

Redio ilipona siku hiyo hiyo. Saini ya dada ilichukua wiki kadhaa zaidi.

“Msidhani yameisha,” dada anasema, akiwa ameketi nyumbani kwake huku redio hiyo ikisikika kutoka chumba cha mama mkwe. “Kuna siku bado namkasirikia kaka. Si kwa sababu ya tundu. Ni kwa kuwa yeye yupo, mume wangu hayupo.”

Ombi sasa linakaguliwa, jina la marehemu likitangulia. Wameelezwa wazi kuwa matundu ya kazi nyingi yameshapewa hataza chungu nzima kwingineko. Wanachoomba kulindiwa ni kitu kidogo: jinsi springi zile zinavyoipa saketi habari ya ncha iliyoingia. Huenda likakubaliwa, huenda likagonga mwamba.

Fundi amepiga moyo konde. Likipita, anataka kuanza na redio za wasioona, kabla ya simu na taa. Mwezi ujao wameitwa mbele ya wakaguzi kujieleza, naye amemwomba dada yake waende pamoja. Dada amekubali.

“Mimi nitaeleza tundu linavyofanya kazi,” fundi anasema. “Yeye ataeleza kwa nini lipo.”