Balbu Nilizompelekea Mama

Mimi ni fundi umeme hapa Arua, na fundi umeme ana ugonjwa wake: akikutana na giza, anatafuta waya. Kwa ugonjwa huo nilimponza mama yangu mzazi.

Mama anakaa Koboko. Mwaka ule alikuwa anasuka tabaga za arusi ya binti yangu, zile kawa za rangi za kufunikia chakula. Kwetu Wanubi bibi arusi huenda kwa mumewe na tabaga alizosukiwa na bibi yake, na wanawake wa upande wa pili huzigeuzageuza wakikagua rangi mzunguko kwa mzunguko. Wakiona kosa hawanyamazi. Mchana mama alikuwa shambani Midia, kwa hiyo alisuka jioni, chini ya taa ya sebuleni.

Siku hizo nilikuwa namtembelea Iddi kwa Iddi, na kazi ndiyo kilikuwa kisingizio changu. Siku nilipokwenda kuzungumza habari za arusi, nilikuta ameingiza zambarau mahali pa nyekundu, mizunguko mitatu mizima. Nilipomwonyesha alisema taa ni mbaya. Nikafurahi kabisa, maana taa naiweza.

Ilikuwa balbu ya zamani, ya njano, yenye joto la kuivisha ndizi. Jumamosi iliyofuata nikaitoa, nikafunga enaji seva, ile ya bomba lililojisokota. Inakula umeme kidogo, lakini jioni umeme wa Koboko huja mnyonge, na taa yenyewe ilichelewa kuwaka sawasawa. Tena iliifanya kijani ionekane bluu. Mama akasema imeizidi ile ya kwanza, ila bado kidogo.

Nikaleta LED nyeupe ya wati tisa. Bado kidogo. Nikaleta LED ya wati kumi na mbili, yenye mwanga wa baridi, mweupe wa kuelekea bluu, nikafunga zote mbili ukutani ili alinganishe. Nikamhubiria juu ya wati, juu ya joto linalopotea bure, juu ya miaka ambayo LED hudumu. Alinisikiliza kidevu mkononi, akaniongeza chai. Jumamosi baada ya Jumamosi nikawa njiani na balbu mfukoni, na rangi zikazidi kupotea. Huku Arua nilikuwa nawauzia wateja maneno, nikisema hata mama yangu mzee anasuka kwa mwanga wa LED. Najichukia nikikumbuka.

Halafu Jumamosi moja nilifika saa sita mchana. Mama hakwenda shambani. Alikuwa amekaa uani, jua limemwagika kila mahali, anapapasa mafungu ya ukindu na kuyasogeza karibu na pua. Aliposikia sauti yangu akaniuliza lipi ni jekundu. Nikasimama pale na balbu yangu mpya kama mjinga.

Daktari wa macho, huku Arua, alisema ni presha ya macho. Mishipa imekufa na haifufuki. Matone yangelinda kilichobaki tu, na kilichobaki kilikuwa kidogo sana. Akauliza tulikuwa wapi miezi yote ile.

Arusi ilifanyika. Tabaga tulinunua sokoni, na mama alizipapasa moja moja, akasema aliyezisuka ana mkono mzuri. Sasa hatofautishi hata mlango na ukuta.

Wageni walipoondoka nilikaa karibu naye mkekani, nikamwomba msamaha. Nikamwambia mimi ndiye niliyempotezea macho, nilihangaika na balbu wakati dawa ingeweza kusaidia. Akanishika kifundo cha mkono.

“Mtoto yangu, mimi najua ni macho toka taa ya kwanza,” akasema. “Lakini kama mimi nasema taa iko sawa, wewe nakuja kwangu kufanya nini?”