Magauni Matatu ya Kipimo Kimoja

Mdogo wangu wa mwisho alirudi likizo akiwa ameshaamua kuacha chuo kikuu. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja amalize shahada yake ya kompyuta.

"Dada, miaka miwili wanatuchorea mishale ubaoni," alilalamika, amekaa juu ya robota la vitambaa kwenye banda langu la ushonaji, Ngarenaro. "Rafiki yangu amesoma kozi ya miezi mitatu tu, leo anatengeneza programu za simu. Mimi najua mishale."

Niliendelea kukanyaga cherehani. Mimi niliacha shule kidato cha pili, mama alipomfuata baba kaburini, na wadogo zangu wote watatu wamesomeshwa na cherehani hii. Nilikuwa nimejiapia kwamba huyu wa mwisho atamaliza. Nikakumbuka kwamba fundi aliyenifundisha alinikatisha karatasi za mifuko ya saruji miezi mitano kabla hajaniruhusu kugusa kitambaa, na wenzangu wa banda la jirani walikuwa wameshaanza kushona mitindo mipya.

"Haya, nitengenezee programu," nikasema. "Kwaya ya akina mama inataka magauni ya sikukuu ya mavuno. Tuone."

Aliitengeneza kwa siku nne, akifuata video. Ilikuwa nzuri kweli: unaandika jina, vipimo vinatokea. Mimi nilizoea kumpa kila mteja namba na kuichora kwa chaki kwenye kila kipande cha gauni lake. Alinicheka.

"Dada, watu wana majina! Namba za nini, kama wafungwa?"

Akawapima akina mama wote mwenyewe. Siku ya kukata, mimi nilitaja majina kutoka kwenye orodha ya kwaya, yeye akanisomea vipimo. Magauni matatu yalitoka sawasawa kabisa. Nililiona hilo, nikaendelea kukata. Kosa hilo ni langu.

Sasa, kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Na mchungaji wetu wa zamani alipendwa sana, hata watoto watatu wa mtaa wetu wakapewa jina lake. Kwa hiyo kwaya ina mama watatu wa jina moja, tunawatofautisha kwa makazi: wa sokoni, wa darajani na wa mtoni.

Jumamosi walikuja kujaribu.

"Fundi, hili ni gauni au soksi?" aliuliza mama wa sokoni, mikono imenasa juu.

"Shukuru, wewe kichwa kimepita," mama wa darajani akajibu nyuma ya pazia.

Mama wa mtoni, mwembamba kama muwa, alijizungusha mbele ya kioo. "Mbona langu limenikaa? Ninyi punguzeni ndizi."

Mdogo wangu alipiga magoti. "Shikamooni mama zangu, nisameheni."

"Marahaba, mwanangu. Nimekusamehe, sasa nitoe humu ndani!" mama wa sokoni akaitikia.

Tulipomaliza kucheka na kumchomoa, mdogo wangu alifungua simu. Kumbe siku ya kuwapima, kila alipoandika jina lile, vipimo vipya vilikuwa vimefuta vya mwanzo. Wa mwisho kupimwa alikuwa mama wa mtoni. Akaenda kwenye begi lake, akatoa daftari la mwaka wa kwanza, akalipekua hadi kwenye ile mishale.

"Tulifundishwa hili, Dada. Kila kitu kipewe alama isiyojirudia. Mwalimu alichora mishale, mimi nikasinzia." Akatazama chaki yangu. "Kumbe ndiyo namba zako za wafungwa."

Magauni yalipona. Huwa naacha akiba ya kitambaa ndani ya mishono, jambo nililojifunza kwenye zile karatasi za saruji. La mama wa darajani nililifumua likamtosha. La mama wa sokoni akiba haikutosha, nikaongeza vipande vyeupe ubavuni, na Jumapili akawaringia wenzake kwamba lake ni la kiongozi.

Programu mdogo wangu aliirekebisha, kila mteja akawa na namba yake, naitumia hadi leo, na ile kazi ya kuandika vipimo daftarini siitamani tena. Jioni ya Jumapili hiyo nilimwambia, "Video utazikuta hapa kila likizo. Siku nne zinakutosha. Lakini mishale inataka mwalimu, na safari hii usisinzie."

Jumatatu alipanda basi la kurudi chuoni, daftari la mwaka wa kwanza mkononi. Basi lilipoanza kutembea alitoa kichwa dirishani, stendi nzima ikamsikia:

"Dada! Mama wa mtoni umpime upya kabla ya Krismasi! Nimemwona na mkungu wa ndizi!"